Hadubini Iliyonuka Maziwa ya Ngamia

Kosa langu la kwanza kazini: nilifukiza hadubini moshi.

Someni tena polepole, nitawangoja. Sikuiangusha. Sikuimwagia soda. Niliwasha kijiti kikavu, nikakizima kikabaki kikifuka, nikakiingiza ndani ya kisanduku cha kioo anamokaa samaki wakati ubongo wake unapigwa picha, nikafunika, nikangoja harufu ishike vizuri, kisha nikakirudisha kisanduku mahali pake. Nilitoka pale nikijiona mfanyakazi bora wa mwaka.

Mimi ni Abdi wa Kidato cha Nne. Umri, miaka kumi na saba. Cheo, mstaafu. Cheka tu, wewe wa nyuma unayekula biskuti, lakini siku utakaposhika samaki mwembamba kuliko kope ya jicho, mzima, bila kumvunja, utaniita mzee na kunipisha kwenye foleni ya githeri. Mwalimu wa Klabu ya Sayansi ameniomba niwaachie nyinyi wa Gredi ya Kumi maneno ya hekima kabla mtihani wa taifa haujanimeza. Alisema "hekima", wallahi, na uso wake haukucheka. Basi hekima yangu ya kwanza ndiyo hiyo: msifukize vitu vya watu.

Sasa niwaambie kwa nini nilifanya hivyo, maana hata mwendawazimu ana sababu zake.

Hooyo wangu, yaani mamangu, anauza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Dumu la maziwa halioshwi kwa maji peke yake. Unachoma kijiti cha mti wenye harufu nzuri, unakitia ndani ya dumu, unafunga, moshi unakaa. Maziwa hayaharibiki haraka na yanapata ile ladha ambayo mteja akiikosa anahamia kwa mama wa pili. Nimefukiza madumu tangu nilipojua kushika kiberiti. Kwetu, chombo kisichonuka moshi ni kichafu, hata kikiwa kinameremeta. Kwa hiyo Dokta Sahra aliponiambia, "Abdi, safisha kisanduku, nataka kiwe safi kabisa," mimi nilisikia neno "kabisa", mkono ukaenda wenyewe kwenye kiberiti.

Dokta Sahra ni mzaliwa wa Elwak. Alichunga mbuzi huko, akasoma, akasoma tena, akaenda ng'ambo akasoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Halafu akarudi na masanduku ya vyuma na vioo, akayafunga pamoja katika chumba cha nyuma cha chuo kimoja hapa mjini, ikatokea hadubini isiyofanana na ile yetu ya maabara ambayo lenzi yake moja imezibwa na chingamu. Alikuwa hapa kwa muda mfupi tu, kisha mtambo ungepelekwa Nairobi. Aliomba msaidizi mmoja kutoka klabu yetu. Mwerevu wa darasa alishikwa na homa siku ya mahojiano. Mimi nilikuwa nimekuja kuwaambia kwamba hatakuja. Nikaulizwa, "Na wewe unaweza nini?" Nikasema naweza kukaa kimya. Huo ndio uwongo pekee niliowahi kusema kazini.

Mtu wa tatu mle ndani alikuwa Fundi Mutua, mwenyeji wa Kitui, mtunza maabara. Anasema maneno machache sana, utadhani anayalipia ushuru.

Asubuhi ile ya moshi, Dokta aliweka samaki, akawasha leza. Kwa kawaida skrini inakuwa nyeusi tii, halafu ubongo wa samaki unatokea ndani yake ukimetameta. Siku hiyo skrini yote ikawa kijani, kama ukungu. Samaki hakuonekana. Mutua akaangalia nyaya. Akaangalia kamera. Dokta akainamisha kichwa karibu na kisanduku.

"Mutua, nyamaza."

"Sijasema kitu, Dokta."

"Nyamaza zaidi." Akavuta pumzi puani, mara ya kwanza, mara ya pili. "Abdi."

"Naam, Dokta."

"Mama yako anauza maziwa?"

"Ndiyo."

"Ya ngamia."

"Ya ngamia, Dokta."

Akafumba macho. Nilidhani anamwomba Mungu subira. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Harufu hii sijaisikia tangu nilipomzika mama yangu," akasema. Kisha sauti yake ikarudi kazini. "Sasa kioshe. Osha mpaka ukikinusa usimkumbuke mama wa mtu yeyote."

Niliosha kwa spiriti mpaka ngozi ya vidole ikanyauka kama ya mzee. Kumbe moshi unaacha mafuta kwenye kioo, na mafuta hayo ukiyapiga kwa mwanga wa buluu yanang'aa yenyewe, kijani, bila kuulizwa. Kila mahali pakawa pananing'alia usoni, na kitu pekee ambacho hakikuonekana ni kile tulichokitafuta. Andikeni hilo ukutani. Hadubini haiulizi kama kitu ni safi kwa desturi ya nani.

Sasa mtambo wenyewe. Nitawaeleza jinsi nilivyoelezwa, kwa anjera.

Mnaijua anjera, chapati yetu ile ya asubuhi, nyembamba, yenye matundu matundu. Panga anjera moja juu ya nyingine mpaka upate mnara. Huo mnara ni ubongo. Ukitazama kutoka juu unaona anjera ya kwanza tu, zingine zimejificha. Zamani, Dokta anasema, watu walikuwa wakikata ubongo uliokufa vipande vyembamba, wanatazama kimoja kimoja. Vizuri, lakini mfu hafikirii. Baadaye wakapata njia ya kupiga mwanga nukta kwa nukta ndani ya ubongo ulio hai, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea kwa tochi ya betri moja: anamulika hapa, anamulika pale, na mbuzi naye anahama.

Hadubini ya Dokta inafanya ujanja mwingine. Mwanga wa leza unabanwa mpaka unakuwa bapa, shuka la mwanga, jembamba kuliko unywele. Shuka hilo linapita ubavuni mwa samaki na kuangaza anjera moja tu, yote kwa mara moja. Kamera iko juu, inaipiga picha. Shuka linashuka kidogo, anjera ya pili, picha. Linashuka, picha. Kabla hujamaliza kusema bismillahi mnara wote umeshapigwa na linaanza tena juu. Tarakilishi inapanga zile picha zirudi kuwa kitu kizima unachoweza kukigeuza upande huu na ule kama embe sokoni. Na hakikukatwa. Kiko hai, kinafikiria mambo yake.

Samaki wenyewe ni watoto wachanga, wa siku chache, na miili yao inapitisha nuru kama kioo. Unauona moyo ukidunda, unaona damu ikikimbia. Wamezalishwa maalumu ili seli ya ubongo ikifanya kazi, kitu ndani yake king'ae. Seli ikinyamaza, kinafifia. Basi. Vibali vya kuwaleta, Dokta alisema, vilikuwa vizito kuliko ukoo mzima wa samaki hao.

Mara ya kwanza nilipouona ubongo ule ukifanya kazi nilikuwa nimejiandaa kusema kichekesho. Nilikuwa nacho mdomoni tayari, kuhusu ubongo wa mwalimu wetu wa zamu. Skrini ikawa nyeusi, halafu taa moja ikawaka. Ikazima. Nyingine mbali ikajibu. Halafu mbili, halafu kundi dogo, wimbi likapita kutoka nyuma kwenda mbele na kutulia. Samaki alikuwa amepitishiwa kivuli tu juu ya kisanduku, na mimi nilikuwa nimemwona akikigundua. Kichekesho kilirudi tumboni chenyewe. Nikasema, "Subhanallah." Mutua, ambaye si Mwislamu, akasema, "Kweli."

Nilirudi nyumbani siku ya moshi nikamsimulia Hooyo. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Umemfukizia samaki? Na maziwa hayamo?"

"Hooyo, nilikuwa nasafisha."

"Watu wanasomesha watoto wawe madaktari. Mimi nimesomesha jiko la moshi."

Dada yangu mdogo, Hibo, alicheka kuliko wote. Hibo yuko darasa la nne, au niseme alikuwa. Ana kifafa. Dawa za kliniki anameza, Hooyo hakosi hata siku moja. Zinasaidia, ila mara mojamoja bado anaanguka. Muhula uliopita alianguka gwarideni mbele ya shule nzima. Watoto walikimbia wakipiga kelele. Mmoja akammwagia maji, mwingine akamlazimishia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Tangu siku hiyo Hooyo hakumrudisha shule. Mwalimu alikuja kuomba, akarudi mikono mitupu. Hooyo alimwambia neno moja tu, ambalo bado linaniuma: "Dawa anayo. Lakini dawa ya macho ya watu haiuzwi."

Basi Hibo akawa anakaa nyuma ya madumu na daftari zake za shule, na kila jioni swali lilikuwa moja. "Abdi, samaki amefikiria nini leo?" Nilikuwa namjibu upuuzi. Amefikiria ndoa. Amefikiria kuhamia Kutulo akafuge ngamia. Anacheka, halafu anauliza swali la kweli, la chini chini: "Shule zikifunguliwa, Hooyo ataniacha niende?" Hapo nilikuwa nachukua daftari lake na kumsahihishia hesabu. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Subirini kidogo, niwape ufundi kabla sijasahau, maana mwalimu atasema nimeandika hadithi.

Samaki anatulizwa kwa jeli. Ni ute wa mwani unaoyeyushwa kwa moto mdogo, unamtia samaki ndani ukiwa vuguvugu, unamlaza, jeli inaganda, anabaki ametulia kama amelala kwenye godoro. Ng'ambo jeli inaganda kabla hujamaliza kupiga chafya. Garissa haigandi. Garissa hata siagi ni kinywaji. Siku zangu za mwanzo nilikuwa namlaza samaki, nageuka, nikirudi ameogelea hadi ukutani ananitazama. Dawa yake Dokta aliijua tangu utoto wa Elwak: gunia bichi. Unalilowesha, unalizungushia sufuria ya maji, unaliweka penye upepo, baridi inakuja yenyewe. Kibamba cha kioo anacholalia samaki kinakaa juu ya maji hayo mpaka jeli ishike. Kazi ianze asubuhi mapema. Jua likishapanda, kunyweni chai, mmeshindwa.

Msipumue juu ya jeli. Pumzi inaleta mapovu, na povu kwenye njia ya shuka la mwanga ni kama jiwe kwenye wali. Kichwa cha samaki kitazame juu, mwili usipinde. Ukimlaza ubavu, ubongo wa upande mmoja utajificha nyuma ya jicho. Na macho yake msiyapige leza, atakuwa anawaza leza tu badala ya mambo yake. Viatu acheni mlangoni, vumbi letu jekundu halina adabu. Mwanga usiingie chumbani. Pazia la dirisha lilikuwa na tundu, Dokta akatoa buibui lake la zamani, akaufunika mtambo wote. Mgeni akiingia anadhani kuna shangazi mnene amekaa mezani. Mutua alikuwa anamsalimia kila asubuhi. Ndiyo, Mutua. Msidanganyike na watu wakimya.

Haya, turudi.

Dokta Sahra hakuisahau ile harufu. Baada ya siku chache alikuja kibandani kwa Hooyo, akaomba kikombe. Akanywa macho yamefumbwa. Hooyo akamtazama kama fundi anayetazama mtu anayefungua mlango aliouunda yeye.

"Wewe ni wa wapi?"

"Elwak."

"Nilijua. Watu wa Elwak wanakunywa kama wanasali."

Wakacheka, wakaanza kuulizana ukoo, na ninyi mnajua ukoo ukianza jua linaweza kuzama. Hapo ndipo Hibo akaanguka. Dumu likagonga chini, mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Wapita njia wakasimama. Hooyo alichofanya kwanza ni kuvua shali na kumfunika, mwili mzima hadi uso, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Dokta alipiga magoti. Hakupiga kelele. Alilifunua shali usoni pa Hibo ili apumue, akamgeuza ubavu, akasukuma dumu mbali na kichwa, akakaa. Alikaa tu, akitazama saa yake. Kifafa kilipopita akamfuta Hibo mdomo kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe.

Hooyo alikuwa amegeukia madumu. "Sasa umeona," akasema. "Usimwambie mtu."

"Dada, mimi kitu kama hiki nakiona kwa samaki wangu," Dokta akasema. "Njoo nawe uone. Mlete na binti. Kabla sijauvunja mtambo."

"Nikaone samaki?"

"Ukaone samaki."

Hooyo alikubali kwa sababu moja tu, mtu wa Elwak aliyemsifia maziwa hanyimwi kitu. Ila siku aliyochagua kuja ilikuwa ya mwisho. Mchana huohuo mtambo ulikuwa unavunjwa na kutiwa masandukuni. Na kumlaza samaki, Dokta aliniachia mimi. "Mama yako ndiye mgeni," akasema. "Godoro litandikwe na mwanawe."

Bila shaka umeme ukapotea asubuhi hiyo. Betri ilikuwa inatosha leza, kamera na tarakilishi, si feni wala friji. Hooyo aliingia akasimama karibu na mlango, Hibo amemshika mkono. Kiswahili cha Hooyo ni cha sokoni. Kwa Kisomali ni malenga, lakini Mutua hajui Kisomali, kwa hiyo Mutua alipata hiki:

"Wewe, hii mama nakaa chini ya buibui ni nani?"

"Ni mashine, Mama."

"Haisalimii watu?"

"Bado inapakwa hina."

Hooyo akacheka, na mimi nikashukuru, maana samaki wangu wa kwanza alikuwa ameshaogelea akatoka kwenye jeli. Wa pili nikamlaza, akapinda kama ndizi. Joto lilikuwa linapanda. Mikono ilianza kutoa jasho. Nikamsikia Hooyo akivuta mkono wa Hibo taratibu. "Twende. Wateja wangu hawangoji samaki."

"Hooyo, kidogo tu."

"Abdi, nimeacha madumu kwa jirani, na jirani ana kiu."

Hibo alikaza miguu. Alinitazama tu, na sikuwahi kutazamwa vile, kama kwamba nimeshika mlango na mimi peke yangu ndiye najua komeo. Nikalilowesha gunia upya. Nikamchukua samaki wa tatu. Sikupumua. Nikamnyoosha kwa unyoya wa brashi, kichwa juu, mwili sawa, nikashika kibamba juu ya maji baridi, nikangoja. Wadogo zangu, mimi ambaye sijawahi kungoja hata mlango wa choo ufunguliwe, nilingoja. Jeli ikashika.

Dokta akakitia kibamba kisandukuni, akavuta pazia, akawasha leza. Buibui likainuliwa kidogo kwa ajili ya kamera. Kwenye skrini ubongo ukatokea, mzima, ukizunguka polepole, taa ndogo zikiwaka huku na kule.

Hooyo akasogea hatua moja. Halafu nyingine. "Hizo taa ni nini?" akamuuliza Dokta kwa Kisomali.

"Seli zake. Kila taa ni seli inayosema kitu. Moja inasema, nyingine inasikiliza, nyingine inajibu."

Hooyo alitazama muda mrefu. "Kama soko la mifugo," akasema. "Huyu anataja bei, yule anakataa. Kila mtu zamu yake."

"Vizuri kuliko ninavyoeleza mimi," Dokta akasema. "Sasa nitamtia dawa kidogo majini, nina ruhusa, na sitamwacha nayo muda mrefu. Itamletea kitu kinachofanana na cha Hibo. Kinafanana, dada, si kilekile. Samaki si mtoto, na ubongo wa Hibo sijauona. Matibabu yake yako kliniki, si hapa."

Akadondosha. Tukangoja. Taa ziliendelea kujibizana, kisha pembeni, mahali pamoja, kundi likawaka na halikuzima. Jirani zake wakawaka. Halafu ubongo wote, juu mpaka chini, anjera zote za mnara, vikawaka pamoja. Chumba kikawa na mwanga. Niliuona uso wa Hooyo ukiwa kijani, mdomo wazi kidogo.

"Wote wanasema pamoja," akasema.

"Wote pamoja. Kwa hiyo hakuna anayesikia."

"Nani amewapigisha kelele?"

"Hakuna mtu. Leo ni dawa yangu. Kwa mtu, mara nyingine tunajua chanzo, mara nyingine hatujui. Lakini ni hiki, dada. Ni seli. Si jicho la mtu, wala si aibu ya mtu."

"Na wewe humfanyii kitu? Umekaa tu?"

"Nangoja. Nikimkoroga nitamuumiza. Naangalia saa. Ikizidi muda, hapo ndipo msaada unahitajika."

Na mbele ya macho yetu ile kelele ikaanza kupungua, ukingoni kwanza, kisha katikati. Giza. Kimya kirefu, hata mimi nilidhani amekufa. Halafu taa moja ikawaka. Mbali kidogo, nyingine ikajibu. Mutua akawa tayari na maji safi, wakambadilishia.

Hibo alikuwa amekaribia skrini mpaka pua inagusa. "Hooyo," akasema, "mimi nikianguka huwa naogopa kwamba ndani kumekuwa giza." Akaweka kidole juu ya ile taa moja. "Kumbe kunakuwa na mwanga kupita kiasi."

Hooyo akamshika Hibo bega. Alijifuta uso kwa shali, shali lilelile, akasema wateja wanangoja, akatoka. Njia yote hadi kibandani hakusema neno, na mimi namjua, Hooyo akinyamaza hivyo ama kuna ndoa ama kuna kichapo.

Mchana tukavunja mtambo. Dokta alinipa kile kisanduku cha kioo nilichokifukiza. Upande mmoja bado una umanjano kidogo ambao spiriti haikuuondoa. "Hiki hakifai tena kwa samaki," akasema. "Lakini hadubini yangu yote imekuwa ikinuka nyumbani, nami sikulalamika." Kiko klabuni, juu ya kabati. Mkikigusa bila kunawa nitatoka kwenye kustaafu.

Msiniulize kama nitakuwa kama yeye. Fizikia yangu mnaijua, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Lakini nimemwona mtu aliyechukua mwanga, akautandika kama shuka, akautumia kuona kiumbe kikiwaza bila kukikata. Nikijaribu kulifanyia mzaha jambo hilo, mzaha wenyewe unakataa.

Siku shule zilipofunguliwa niliamka nikakuta sare ya Hibo imepigwa pasi, iko juu ya dumu. Hooyo alitupeleka sote wawili shuleni kwa Hibo, yeye mbele. Mwalimu wa Hibo ni mgeni hapa, wa kutoka Magharibi mwa Kenya, kwa hiyo Hooyo alimsemesha kwa Kiswahili chake, wima, mbele ya gwaride lote lililokuwa linatazama, na safari hii hakumfunika mtu kwa shali. Nimeyaweka maneno yake kama yalivyotoka, kila 'p' ikiwa 'b':

"Walimu, hii mtoto ikianguka, wewe usikimbie, usimwage maji, usitie kijiko. Laza yeye ubande, angalia saa, ngoja. Ndani wote nasema bamoja. Itanyamaza, moja itaanza kusema, ingine itajibu. Ikichelewa, ita mimi na daktari." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma nikijaribu kufanana na mtu mzima. "Hii ndogo iko na dawa, walimu, usiogobe. Hii kubwa ndio hana."